Namna ya Kutoa Ramani Kubwa ya Upimaji Kwenye PDF Bila Kupoteza Skeli

Miaka michache iliyopita nilipeleka faili la PDF lenye ramani ya viwanja katika duka moja la uchapaji mjini Dodoma, nikalipia karatasi tatu za A1, nikazikunja palepale bila kuzipima, na jioni ileile nikazikabidhi kwa mteja. Mteja huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa kuhifadhi rula ya skeli katika mtoto wa meza. Asubuhi iliyofuata alinipigia simu, nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole: "Kijana wangu, mita zangu za mraba thelathini na tano zimekwenda wapi?"

Kiwanja chake kilikuwa cha mita 20 kwa 30. Vipimo vilivyoandikwa kwenye mistari ya mipaka vilikuwa sahihi na mawe ya mipaka yalikuwa ardhini mahali pake, lakini rula yake ilisoma mita 19.4 kwa 29.1, yaani takriban mita za mraba 565 badala ya 600. Mashine ya dukani ilikuwa imeichapa ramani kwa asilimia 97 ya ukubwa wake. Kosa halikuwa la duka peke yake, kwa sababu mimi ndiye niliyetengeneza PDF ambayo isingeweza kuingia kwenye karatasi ile bila kupunguzwa.

Maelezo yafuatayo yanamlenga mpima ardhi, fundi mchoraji au mwanafunzi wa upimaji anayetumia programu ya kuchorea ya AutoCAD au programu za jamaa yake kama ZWCAD na BricsCAD, ambazo amri zake nyingi zinafanana. Amri nimeziandika kwa herufi kubwa kama zinavyoandikwa kwenye mstari wa amri, kwa kuwa menyu hubadilika toleo hadi toleo, lakini amri hazibadilikibadiliki.

Anza na hesabu ya karatasi, kabla ya kugusa kompyuta

Jambo la kwanza ni kuamua skeli na ukubwa wa karatasi kwa pamoja, kwa sababu kimoja hukifunga kingine. Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1189, A1 ina 594 kwa 841, A2 ina 420 kwa 594, na A3 ina 297 kwa 420. Hata hivyo hutumii karatasi yote. Ukiacha milimita 20 upande wa kushoto kwa ajili ya kufungia kwenye jalada, milimita 10 katika pande tatu zilizobaki, na safu ya milimita 150 upande wa kulia kwa ajili ya kichwa cha ramani, ufunguo, jedwali la viwanja na nafasi za sahihi, karatasi ya A1 iliyolazwa inakubakishia milimita 661 kwa 574 tu za kuchorea.

Tuseme umepima eneo la Nzuguni, Dodoma, lenye urefu wa mita 620 na upana wa mita 480. Kwa skeli ya 1:1000 kila mita moja ya ardhini inakuwa milimita moja ya karatasini, kwa hiyo eneo lote linachukua milimita 620 kwa 480 na kuingia kwenye A1 bila taabu. Kwa skeli ya 1:500 eneo lilelile linahitaji milimita 1240 kwa 960, ambazo haziingii hata kwenye A0. Hapo una njia mbili: ama ubaki na 1:1000, ama ugawanye eneo katika karatasi nne za A1, mbili kwa mbili, ambazo kwa pamoja zinabeba milimita 1322 kwa 1148 na kukuachia mwingiliano wa kutosha kati ya karatasi na karatasi. Njia ya tatu, ambayo nimeiona ikitumiwa mara nyingi kuliko inavyostahili, ni kuchagua skeli ya ajabu kama 1:870 ili mchoro uenee vizuri. Hakuna rula inayosoma 1:870, na ofisi itakayoipokea ramani hiyo ina haki ya kuirudisha. Tumia skeli za kawaida za 1:200, 1:500, 1:1000, 1:2000 au 1:2500, na pale ambapo mamlaka inayoidhinisha imetoa maelekezo yake ya skeli na karatasi, maelekezo hayo ndiyo yanayotangulia.

Kwa michoro mirefu na myembamba, kama ya barabara, reli au bomba la maji, usishawishike kutengeneza ukurasa mmoja mrefu. Mafaili ya PDF ya kawaida yana kikomo cha milimita 5080 kwa upande mmoja wa ukurasa, yaani mita tano na kidogo. Barabara ya mzunguko wa nje ya Jiji la Dodoma, yenye kilomita 112.3, ikichorwa kwa 1:2000 inahitaji zaidi ya mita 56 za karatasi, na haina budi kukatwa katika karatasi zisizopungua 85 za A1, kila moja ikiwa na mistari ya kuonyesha inapokutana na jirani yake.

Safisha mchoro, lakini usiuhamishe

Hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine kabla ya kuanza, kisha tumia AUDIT ili programu itafute na kurekebisha hitilafu, na PURGE ili kuondoa leya (matabaka ya mchoro), aina za mistari na vitu vingine visivyotumika. Fungua orodha ya leya na uhakikishe kwamba leya za kazi, kama mistari ya msaada, alama za vituo vya muda na maandishi yako binafsi ya uwandani, zimezimwa alama ya kuchapwa. Kinyume chake pia ni cha kuangalia: mara nyingi mtu huchora mipaka kwenye leya ya Defpoints bila kujua, kwa kuwa programu huiunda yenyewe unapoweka vipimo, na vitu vilivyomo huonekana kwenye kioo lakini havichapwi kamwe. Ramani ikitoka bila mpaka ambao unauona kwa macho kwenye kompyuta, anzia uchunguzi hapo.

Kosa linalouma zaidi ni la kuhamisha mchoro. Viwianishi (namba za kutaja mahali) vya Dodoma katika UTM, mfumo wa gridi ya mita unaoigawa dunia katika zoni, ni namba kubwa. Katikati ya mji ni takriban mita 803,000 kwa mashariki na 9,317,000 kwa kaskazini. Wapo wanaoona namba hizo zinawasumbua wakati wa kutengeneza ukurasa, wakauburuta mchoro wote hadi karibu na sifuri, wakachapa, kisha wakasahau na kuhifadhi. Kuanzia hapo faili si ramani ya upimaji tena. Ni picha ya viwanja visivyo na mahali. Ukurasa unajitegemea na hauhitaji mchoro uhamishwe hata kwa milimita moja, kama tutakavyoona.

Kagua pia zoni na mfumo wa viwianishi kabla ya kuandika kichwa cha ramani. Mpaka kati ya zoni ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na unapita ndani ya Mkoa wa Dodoma, hivi kwamba mji wa Dodoma uko zoni ya 36 Kusini ilhali Kongwa na Mpwapwa ziko zoni ya 37 Kusini. Anayefanya kazi Kongwa kwa kutumia kiolezo alichokitumia Iyumbu, mjini Dodoma, wiki iliyopita anaweza kuchapa ramani nzuri yenye maelezo ya uongo katika kona yake. Vilevile, ukiona picha ya anga imekaa mamia ya mita mbali na viwanja, usidhani ni tatizo la uchapaji: yaelekea picha iko katika WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, na upimaji wako uko katika Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, na tiba ni kubadili mfumo wa picha, si kuisogeza kwa jicho.

Kwa kuwa tumeshafika hapo, kuna jambo la pembeni linalowahusu hasa wenzetu wa Dodoma. Mji wetu uko ukingoni mwa zoni yake, zaidi ya kilomita 300 kutoka meridiani ya kati (mstari wa longitudo wa katikati ya zoni) ya nyuzi 33, na kwa sababu hiyo umbali unaosomwa kwenye gridi unazidi ule wa ardhini kwa zaidi ya nusu mita katika kila kilomita, hata baada ya kuzingatia mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Baadhi ya mafundi hujaribu "kusahihisha" tofauti hiyo kwa kupunguza skeli ya ukurasa. Usifanye hivyo. Katika upana wote wa milimita 661 wa ramani ya 1:1000, tofauti yenyewe ni kama milimita 0.36, sawa na unene wa mstari mmoja wa wino. Hilo ni suala la kuelezwa katika hesabu na maandishi ya ramani, na ukurasa uachwe na skeli yake kamili.

Ukurasa na dirisha lake

Programu hizi zina nafasi mbili. Nafasi ya mchoro ni mahali ambapo ardhi imechorwa kwa ukubwa wake halisi, kwa mita. Nafasi ya karatasi, inayoitwa leyauti, ni karatasi yenyewe kwa milimita, na juu yake unatoboa dirisha ambalo kupitia kwake unaiona ardhi. Kuchapa moja kwa moja kutoka nafasi ya mchoro kunawezekana, lakini kwa ramani yenye kichwa, gridi na sahihi sikushauri, kwa kuwa utalazimika kuchora fremu kubwa kama mtaa na kuikuza upya kila unapobadilisha skeli.

Fungua leyauti mpya, kisha andika PAGESETUP na utengeneze mpangilio utakaoupa jina, kwa mfano A1_PDF. Katika orodha ya mashine za kuchapa chagua DWG To PDF.pc3. Katika orodha ya karatasi chagua ukubwa wenye maneno "ISO full bleed A1 (841.00 x 594.00 MM)". Maneno "full bleed" yana maana ya karatasi isiyo na pembezo zilizokatazwa, na usipoyazingatia programu itakata milimita kadhaa kila upande na fremu yako itapoteza mstari mmoja. Eneo la kuchapwa liwe leyauti yenyewe, skeli ya kuchapa iwe 1:1, kipimo kiwe milimita. Hapa ndipo wengi hujikwaa: skeli ya ramani haiwekwi katika kidirisha cha kuchapa. Kidirisha cha kuchapa husema milimita moja ya leyauti ni milimita moja ya PDF, basi. Skeli ya ardhi hukaa katika dirisha.

Chora fremu ya ramani ikiwa ndani ya karatasi kwa zile milimita 20 na 10 tulizozitaja, na tafadhali usiibandike ukingoni. Plota nyingi, yaani mashine za kuchapa karatasi kubwa, haziwezi kuweka wino hadi mwisho wa karatasi. Huhitaji milimita kadhaa za kushikia. Fremu iliyogusa ukingo ndiyo iliyonifikisha kwenye simu ya mwalimu, kwa sababu mhudumu wa duka alipoona mistari ya pembeni inakatika alibofya chaguo la kuipunguza ramani ili iingie, kama ambavyo mhudumu yeyote mwenye nia njema angefanya.

Sasa toboa dirisha kwa amri ya MVIEW, ingia ndani yake kwa kubofya mara mbili, andika ZOOM, na uandike kizidishio kikifuatiwa na XP. Kwa mchoro wa mita kwenye karatasi ya milimita, kizidishio hupatikana kwa kugawanya 1000 kwa namba ya skeli. Kwa hiyo 1:200 ni 5XP, 1:500 ni 2XP, 1:1000 ni 1XP, 1:2000 ni 0.5XP, na 1:2500 ni 0.4XP. Jihadhari na orodha ya skeli iliyo chini ya kioo: ukichagua humo "1:1000" kwa mchoro uliochorwa kwa mita, programu hudhani umechora kwa milimita na kukuonyesha ardhi kwa 1:1,000,000, hivi kwamba kitalu kizima kinageuka doa. Ukipenda kutumia orodha hiyo, tumia SCALELISTEDIT uongeze skeli yako mwenyewe yenye jina la 1:1000 ambayo milimita moja ya karatasi ni sawa na kipimo kimoja cha mchoro.

Sogeza ardhi ndani ya dirisha kwa PAN pekee. Mkono ukigusa gurudumu la kipanya hata mara moja, skeli imevunjika, na haitakwambia. Kwa hiyo mara tu eneo likikaa sawa, toka nje ya dirisha, lichague, na katika sifa zake ufunge onyesho. Mpaka wa dirisha uweke kwenye leya isiyochapwa.

Eneo likiwa limekaa mshazari, kama vitalu vingi vilivyofuata mwelekeo wa barabara kuu au korongo, unaweza kugeuza mwonekano ndani ya dirisha kwa DVIEW na chaguo la TW bila kugeuza mchoro wenyewe. Kumbuka tu kwamba mshale wa kaskazini nao lazima ugeuke kwa pembe ileile, na namba za gridi zifuate.

Gridi yenyewe iwekwe kwa misalaba kila milimita 100 ya karatasi, yaani kila mita 100 kwa skeli ya 1:1000 au kila mita 50 kwa 1:500, na namba zake ziandikwe pembezoni. Pamoja na kazi yake ya kuonyesha mahali, gridi hiyo ndiyo utakayoipima kwa rula baadaye. Mimi huongeza katika leyauti mstari wa milimita 100 kamili chini ya kichwa cha ramani, wenye maandishi "Mstari huu una milimita 100". Pamoja na hayo, chora skeli ya mstari, ile yenye visanduku vyeusi na vyeupe, kwa sababu ramani ikipunguzwa kwa makusudi yenyewe hupungua pamoja nayo na kuendelea kusema kweli, ilhali maandishi "1:1000" hubaki vilevile na kuwa ya uongo.

Kalamu, herufi na picha

Unene wa mistari huamuliwa na jedwali la kalamu, ambalo ni faili lenye mwisho wa .ctb. Ukichagua monochrome.ctb rangi zote hutoka nyeusi, jambo linalofaa kwa ramani ya mipaka. Kwa ramani yenye kontua, barabara na mito ni vema kutengeneza jedwali lako. Mimi hutumia milimita 0.5 kwa mpaka wa nje wa kitalu, 0.35 kwa mipaka ya viwanja, 0.25 kwa majengo na barabara zilizopo, na 0.18 kwa kontua za kawaida, huku kila kontua ya tano ikipewa 0.25. Rangi ya njano ndiyo adui mkubwa: huonekana safi juu ya kioo cheusi na hupotea kabisa juu ya karatasi nyeupe. Kama mistari ya vipande inaonekana kama mistari mizima, weka LTSCALE iwe 1 na PSLTSCALE iwe 1, kisha andika REGENALL.

Herufi zina mambo mawili. La kwanza ni kimo: maandishi yanayotakiwa kuwa milimita 2.5 karatasini yanahitaji kimo cha mita 2.5 katika mchoro wa 1:1000, na mita 1.25 katika mchoro wa 1:500. Fikiria pia kwamba mtu ataichapa A1 yako kwenye A3 ili aende nayo uwandani, na vipimo vyote vitakuwa nusu. Namba ya jiwe iliyokuwa na milimita 1.8 itabaki 0.9, na hapo hata mwenye miwani atakuita umsomee. La pili ni aina ya herufi. Fonti za SHX, ambazo ni za zamani na ni mistari mitupu, huingizwa kwenye PDF pamoja na maelezo yaliyofichwa, na anayefungua faili huona visanduku vya maoni kila anapopitisha kipanya juu ya namba za viwanja, au orodha ya maoni elfu mbili upande wa kulia. Andika PDFSHX na uweke 0 kabla ya kuchapa, na visanduku hivyo havitatokea. Ukitumia fonti za TrueType kama Arial, hakikisha katika mipangilio ya PDF kwamba fonti zinabebwa ndani ya faili, vinginevyo alama kama ile ya mita za mraba inaweza kugeuka kisanduku kitupu kwenye kompyuta ya mwenzako.

Picha ya droni au ya setilaiti ndiyo inayovimbisha faili. Ukurasa wa A1 kwa pikseli 300 katika kila inchi una takriban pikseli milioni 70, na kwa pikseli 600 idadi hiyo huzidishwa kwa nne, bila jicho la kawaida kuona faida yoyote katika picha ya mapaa na miti. Fungua mipangilio ya PDF katika kidirisha cha kuchapa na uweke mistari iwe 600 na picha iwe 300, au hata 200 kama faili litatumwa kwa simu. Picha ikate kwa IMAGECLIP ibaki na eneo linalohitajika, ipeleke nyuma ya mistari kwa DRAWORDER, na IMAGEFRAME iwe 2 ili fremu yake ionekane kwenye kioo lakini isichapwe. Uwazi wa rangi, ule unaoruhusu rangi ya matumizi ya ardhi kuonyesha picha iliyo chini yake, hauchapwi mpaka utie alama katika chaguo lake kwenye kidirisha cha kuchapa. Utie tu unapohitajika kweli, kwa kuwa mara nyingi hugeuza sehemu kubwa ya ukurasa kuwa picha tupu na kupoteza ukali wa mistari.

Kutoa PDF

Hifadhi faili kwanza. Umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, na kuchapa ukurasa wenye picha kubwa huchukua dakika kadhaa ambazo kompyuta ndogo huzitumia kuhema. Andika PLOT, chagua mpangilio wa A1_PDF ulioutengeneza, angalia onyesho la awali, kisha kubali. Jina la faili libebe habari zote muhimu bila nafasi wala alama za ajabu, kwa mfano NZUGUNI_KITALU-F_A1_1-500_K01-04, ambapo mwisho ni karatasi ya kwanza kati ya nne. Neno "MWISHO" katika jina la faili halina maana. Kila ofisi ina MWISHO, MWISHO2 na MWISHO_KABISA.

Kama karatasi ni nyingi, tengeneza leyauti moja iliyokamilika, ikague, kisha inakili na ubadilishe dirisha na namba ya karatasi tu. Baadaye andika PUBLISH, panga leyauti kwa mfuatano wake, ondoa zile za nafasi ya mchoro ambazo programu huziongeza yenyewe, na utoe PDF moja yenye kurasa zote.

Ukaguzi kwenye kioo

Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka ya kuwahi ofisi za serikali za Mtumba kabla hazijafungwa. Fungua PDF kwa programu ya kusomea, siyo ile uliyochorea, na kama inawezekana kwenye kompyuta nyingine. Tazama sifa za faili, ambako ukubwa wa ukurasa unapaswa kusomeka milimita 841 kwa 594. Kisha tumia kifaa cha kupimia cha Acrobat Reader kupima ule mstari wa milimita 100, halafu upime nafasi kati ya misalaba miwili ya gridi. Mstari ukiwa sahihi na gridi ikawa na kosa, tatizo liko katika skeli ya dirisha. Vyote viwili vikiwa na kosa la kiwango kimoja, tatizo liko katika kidirisha cha kuchapa. Mwisho kuza hadi asilimia 400 na upite kona hadi kona ukisoma namba za mawe, hasa zilizobanana kwenye pembe za viwanja, ambako namba mbili hupenda kupandiana.

Kumkabidhi mwenye plota

Peleka PDF pekee dukani, usipeleke faili la DWG, yaani mchoro wenyewe, kwa sababu kompyuta ya pale haina fonti zako, haina jedwali lako la kalamu, na huenda haina picha zako. Mweleze mhudumu kwa maneno na umwandikie pia: karatasi A1, ukubwa halisi, asilimia 100, isipunguzwe wala isikuzwe. Katika programu ya kusomea PDF chaguo la ukubwa halisi liko karibu na lile la kuienezea karatasi, na chaguo la pili mara nyingi ndilo lililoachwa na mteja aliyetangulia. Rola ya karatasi yenye upana wa milimita 610 inatosha kwa A1 na ile ya 914 inatosha kwa A0. Ukikuta duka lina rola ya 610 tu na wewe una A0, nenda duka jingine badala ya kukubali "tuibane kidogo".

Ukihitaji nakala ya A3 ya kutembea nayo, iombe kwa makusudi. A1 ikipunguzwa kuwa A3 hupungua nusu kamili kwa urefu, kwa hiyo 1:500 inakuwa 1:1000 na 1:1000 inakuwa 1:2000, na rula bado inasoma. A1 ikipunguzwa kuwa A2 hupungua kufikia asilimia 70.7, na 1:1000 inakuwa kama 1:1414, ambayo haipimiki kwa rula yoyote. Katika nakala zote mbili kata maandishi ya skeli kwa kalamu na uandike "imepunguzwa", ukiacha skeli ya mstari ifanye kazi yake.

Chapa nakala moja kwanza, ilaze mezani, na uweke rula juu ya mstari wa milimita 100 kabla ya kulipia zilizobaki. Pima pia misalaba ya gridi iliyo mbali zaidi, kwa upana na kwa urefu, kwa kuwa kosa la nusu asilimia halionekani katika milimita 100 lakini katika milimita 600 linakuwa milimita tatu. Karatasi ya kawaida hunywea na kutanuka kwa unyevu, na ukame wetu wa Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba haufanani na masika ya Dar es Salaam, hivyo tofauti ya sehemu ndogo ya milimita isikusumbue. Kwa nakala za kuhifadhiwa muda mrefu omba filamu ya poliesta, ambayo haibadiliki kwa urahisi. Lakini ukikuta upana uko sahihi na urefu, yaani mwelekeo ambao rola inasonga, umepungukiwa kwa milimita mbili au tatu, hilo halitokani na PDF yako. Mwombe mhudumu aisawazishe plota yake kutoka kwenye menyu ya mashine, kazi isiyozidi dakika chache, kisha achape tena karatasi ileile na uipime upya.